Githae wa Pati ya Tano

Bedan aliitazama Pati ya Tano ya Panga za Bahari akiwa peke yake, sebuleni kwake Gitothua, mapazia yamevutwa mchana kweupe. Alipofika pale adui anapopiga magoti, aliifunga kompyuta akatoka nje akaketi kwenye ngazi. Mkewe, Waruguru, alikuwa akianika nguo. Alimtupia jicho mara moja tu.

"Baba Shiko, ni nani amekufa?"

"Bado," Bedan akajibu.

Sasa, mtu mzima, mwenye mke na mtoto, kuogopa filamu ya watu wa panga na meli! Ungemcheka, hata mimi ningemcheka, kama hatungejua kazi yake. Bedan ni sauti. Pale Kiandutu, Thika, watu wengi hawaijui sura yake vizuri kwa sababu yeye hukaa gizani nyuma ya spika, lakini akikohoa tu dukani mtu anageuka na kusema, "Diji Beda!" Kazi yake ni kusemea filamu. Filamu inakuja na Kiingereza chake cha puani, yeye anashika maiki, anaizima sauti ya wenyewe, kisha anawasemea wote kwa Kiswahili cha mtaani: mfalme, mlevi, bibi harusi, hata farasi. Alianza akiwa kijana wa kuchonga mawe, jioni moja mama yake, aliyekuwa akiuza githeri karibu na soko, alipoudhika kuona watu wa filamu wakikatana panga bila yeye kujua wanagombania nini. "Si uniambie, Beda! Wanagombania nini hawa?" Akamwambia. Waliokuwa karibu wakasogeza viti. Hakukaa sana kwenye mawe baada ya hapo.

Ukumbi anaosemea filamu ni wa Jentrix, mama wa Kiluhya mwenye mdomo mkubwa na roho safi. Ni mabati kuta zote, mabenchi, na pazia zito mlangoni. Na una desturi moja ambayo mgeni haielewi upesi. Mtu wa kwenye filamu haitwi jina alilopewa na wazungu wake. Anapewa jina la mtu wa pale pale mtaani: fundi wa viatu, shemeji ya chifu, yule mama wa kanisa anayeimba juu ya wengine wote. Ukipewa jina ukumbini umeheshimiwa, unanunulia watu soda. Na jina likishatolewa halibadilishwi mpaka filamu iishe, hata iwe na pati kumi. Sheria hiyo aliiweka Bedan mwenyewe, alipokuwa kijana na hajui anachofanya.

Ndiyo ikaja Panga za Bahari, Pati ya Kwanza.

Githae, mbabe wa mtaa, wakati huo alikuwa Githae. Alikuwa akiburuta mguu wa kushoto, na huo mguu ulisikika kwenye kichochoro kabla ya yeye kuonekana, na watu walishusha sauti ndani ya nyumba zao. Akisema kibanda chako kiondoke, kinaondoka. Ukibishana, unaamka na kukuta mabati yako yamelala chini na kijana wako ana mkono uliovunjika, na hakuna aliyeona. Waliokwenda kushtaki walirudi kufunga virago. Yeye mwenyewe hakuwahi kuonekana akimgusa mtu.

Na mule ndani ya filamu, adui akashuka ngazi ya meli akiburuta mguu. Hakuna muziki. Buti tu juu ya mbao, ko, kisha kimya, kisha ko. Hasemi neno. Anatabasamu, na bandari nzima inatazama chini. Ukumbi ukanyamaza, kwa sababu kila mtu alikuwa amemwona mtu yule yule, na mtu huyo alikuwa ameketi benchi ya mbele. Wacha damu ya ujana impande Bedan! Akaitoa sauti ya Githae yenyewe, nzito, ya polepole, ya mzee wa kwetu asiyeweza kusema lakini bila kusema rakini: "Mimi sipigi mtu. Rakini mtu akijipiga mwenyewe, nitafanya nini?"

Ngai! Hata Jentrix alishika kichwa. Kisha Githae akacheka, akapiga benchi kwa kiganja. "Huyo ni mimi! Huyo kijana amenishika!" Alinunulia ukumbi mzima soda, na tangu siku ile watu wakamwita Kapteni mbele yake, naye akaitika.

Hiyo Pati ya Kwanza, msikilize Bedan akiisifu. Panga zilikuwa chuma. Zikigongana unazisikia kwenye meno. Stelingi, yaani shujaa wa filamu, na adui wanapigana ndani ya mnara wa kengele, kamba moja, watu wawili, na unasikia wanavyohema, unaona jasho la kweli likidondoka. Pati ya Pili ilikuwa kubwa kuliko ile na bado ilikuwa tamu: dhoruba, mdogo wake stelingi anakufa, na adui ndiye anayemfumba macho kwa vidole viwili, taratibu, kama baba. Ukumbi ulilia, na siku hiyo Githae aliogopwa kuliko siku zote, kwa sababu watu walimwona anaweza kuwa na huruma na bado akakumaliza.

Pati ya Tatu ndipo mambo yalipoanza kulegea. Makapteni wengi mno, ramani mbili, kila mtu anamsaliti kila mtu. Bedan mwenyewe alipotea katikati, akawa anasema kwenye maiki, "Huyu ni yule wa kwanza, ama ni pacha wake, tutajua mbele," na hawakujua. Na hiyo Pati ya Nne, mimi sijui ni nani aliwadanganya watu wale kwamba dunia inataka vichekesho. Yule dada wa pati za kwanza, aliyependwa na kila mtu, hayupo, wala hakuna anayemuuliza. Stelingi amegeuka mtu wa mizaha. Na adui, yule yule aliyenyamazisha bandari, anaanguka ndani ya pipa la samaki, nywele za bandia zinamtoka, na bata mzinga anamkimbiza sokoni. Bata mzinga!

"Waliumaliza woga wote kwenye pati mbili za kwanza," Bedan alimwambia Waruguru. "Sasa wanakwangua sufuria."

Siku ya bata mzinga alijitahidi. Alisema Githae amejifanya mjinga makusudi, ni mtego, ngojeni muone. Ukumbi uliuma midomo. Lakini Mbuvi, muuza mayai ya kuchemsha, mtu wa furaha tu ambaye hakuwa na ubaya na yeyote, alicheka. Kilimtoka kile kicheko kama chafya. Githae aligeuza kichwa polepole, akamtazama, akarudi kutazama filamu. Wiki hiyo hiyo mkokoteni wa Mbuvi uliteketea na yeye akiwa kando yake, akapelekwa hospitali mikono yote miwili imefungwa. Alipotoka alihamia Juja. Bedan alienda kumwona mara moja, akamkuta anajifunza upya kushika kikombe. Hawakuzungumza juu ya filamu. Bedan alirudi nyumbani akijua kwamba yeye ndiye aliyeliweka lile jina pale, na kwamba hana njia ya kulitoa.

Miaka ikaenda. Kisukari kikamshika Githae, mguu ukazidi kuharibika, akawa haonekani nje. Kiandutu ilianza kupumua, lakini kwa woga, kama mtu anayejaribu jino lililokuwa likiuma. Mama mmoja alijenga kibanda mahali palipokatazwa. Kikakaa. Mwingine akajenga kando yake.

Halafu Pati ya Tano ikatoka. Jentrix alikuwa ameshabandika matangazo kila nguzo, Jumapili baada ya kanisa, Diji Beda, kabla Bedan hajaitazama. Na Bedan hajamaliza kukaa kwenye ngazi siku ile, ndipo Gathogo alipoingia langoni. Gathogo alikuwa mtu wa Githae tangu zamani, mabega mapana, maneno machache. Alikataa chai.

"Mzee amesikia kuna Pati ya Tano. Amesema atakuja."

"Si anaugua?"

"Atabebwa. Amesema anataka kuona vile anaisha. Na wewe ndiye utamsemea." Akamwangalia Waruguru, akaangalia viatu vidogo vya Shiko mlangoni, akaondoka bila kuaga.

Waruguru aliacha nguo zake. "Vile anaisha? Kwani anaishaje?"

Bedan akamweleza. Bahari yote ni ya kompyuta, buluu kama rangi ya sabuni. Panga zinapitana bila kulia. Stelingi amezeeka, akiruka unaona kabisa ni mtu mwingine. Na adui anapiga magoti, anaunganisha mikono, kamasi zinamtoka, anaomba asiuawe. Stelingi anamwonea aibu, anampa mgongo. Adui anainuka anakimbia, nanga inamwangukia, na kinachobaki juu ni buti mbili zikitikisika. Halafu wanaweka muziki wa kuchekesha.

"Mpe jina lingine, basi."

"Watapiga kelele, wataniuliza Githae yuko wapi. Naye atakuwa ameketi hapo mbele, anauliza hivyo hivyo."

"Kata hapo mahali."

"Vijana wameshaiona kwenye simu."

Waruguru akaketi kando yake. "Kuna mtu atacheka, Baba Shiko. Na huyo mzee hatauliza ni nani aliandika filamu. Atauliza ni nani alisema."

Ndiyo hiyo iliyomkosesha Bedan usingizi. Alijua atakuwa amekaa hatua chache nyuma ya mtu aliyemchoma Mbuvi kwa kicheko kimoja, na ni lazima amlize mbele ya mtaa mzima, kwa sauti yake mwenyewe. Alimpeleka Shiko kwa nyanya yake, mama wa Waruguru, akasema ni kwa ajili ya likizo.

Alipata njia moja. Msemaji wa filamu hawezi kubadilisha mikono ya mtu, lakini mdomo ni wake. Adui atapiga magoti, sawa. Lakini hatajiombea. Ataombea mabaharia wake. Niue mimi, hawa waache. Hata yale machozi yatakuwa machozi ya mwanamume. Alijizoeza wiki nzima, akinywa maji moto ya tangawizi, mpaka Waruguru akamwambia karibu amwonee huruma yule mshenzi.

Jumapili ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa sakafuni. Githae aliletwa na Gathogo na kijana mwingine. Bedan hakumtambua mara moja. Koti lilikuwa lile la zamani, ila ndani yake alikuwa amebaki nusu ya mtu, na mguu haukugonga tena, ulikuwa unakokotwa kama gunia. Alikalishwa benchi ya mbele. Hakuna aliyeketi karibu naye. Na kule nyuma kabisa, amesimama, mikono yenye makovu ameikunja kifuani, alikuwepo Mbuvi. Mtu alikuwa amempigia simu Juja.

"Beda," Githae akaita bila kugeuka. "Uko?"

"Niko, Kapteni."

"Anza."

Filamu ilienda vibaya kama alivyojua itaenda. Stelingi alitoa mizaha yake, Bedan akaisema, na hakuna aliyecheka. Watu hawakuwa wakitazama ile bahari ya sabuni. Walikuwa wakitazama kisogo cha benchi ya mbele. Jentrix alisimama mlangoni akishika pazia, midomo yake ikitembea, nadhani alikuwa akiomba.

Kisha adui akapiga magoti. Bedan akavuta pumzi, akaitoa ile sauti nzito. "Mimi nimeishi. Niue mimi. Rakini hawa watu wangu, waache waende kwa watoto wao..."

"Beda."

Githae alikuwa ameinua mkono. Jentrix akasimamisha picha. Adui akabaki hapo ukutani, mdomo wazi.

"Hayo si maneno yake," Githae akasema. "Ninaona mdomo. Anasema kidogo, anarudia. Wewe unasema mengi."

"Kapteni, hiyo ni..."

"Unanionea huruma? Mimi? Mbele ya hawa?" Sauti ilikuwa dhaifu, lakini ile ya zamani ilikuwa bado ndani yake. "Sema vile anasema."

Angeweza kukataa. Angeweza kusema spika imeharibika. Lakini mtu aliyekulia Kiandutu alishazoea kufanya anavyoambiwa na sauti ile, na Bedan aliogopa, akatii. Picha ikaendelea. Na kwa sauti ya Githae, akiwa ameketi nyuma ya Githae, akasema, "Nisamehe. Tafadhali. Usiniue. Nitafanya chochote, rakini usiniue. Ninaogopa. Ninaogopa." Sauti ikapasuka pale inapopasuka kwenye filamu, na alilia kama anavyolia yule. Aliifanya vizuri. Hilo ndilo lililomtisha yeye mwenyewe, kwamba aliifanya vizuri kuliko kazi yoyote aliyowahi kuifanya.

Adui akakimbia. Nanga ikashuka. Buti mbili zikatikisika.

Mbuvi akacheka.

Alicheka peke yake, kwa sauti, bila kuficha. Bedan akakaza mikono kwenye maiki. Githae akageuza kichwa polepole, kama alivyogeuza ile siku nyingine, akamtazama. Na Mbuvi akamtazama pia, akaendelea kucheka. Kisha mama mmoja wa benchi ya pili akacheka. Kisha wengine wawili. Githae akageukia huku, akageukia huku, akitafuta ni nani, na kila alikogeukia walikuwa wanacheka, wanamwangalia usoni. Kicheko hicho hakikuwa na furaha. Bedan hajawahi kusikia ukumbi ukicheka hivyo, na Mungu asimsikizishe tena.

Miaka yote hakuna aliyewahi kuinuka kabla ya Githae. Siku hiyo filamu haikuwa hata imeisha vizuri, wakainuka. Walipita mbele yake, juu ya miguu yake, mmoja akaukanyaga ule mguu mgonjwa na hakusema pole. Gathogo alitoka katikati yao. Yule kijana mwingine pia. Ukumbi ukabaki na Jentrix, Bedan, na mtu mmoja kwenye benchi.

"Diji," Jentrix akamnong'oneza. "Pitia nyuma. Enda nyumbani kwa bibi yako. Hii si yako."

"Nani atampeleka?"

"Kwani yeye aliwahi kumsaidia nani?"

Ilikuwa kweli. Wiki nzima alikuwa akiomba atoke salama mikononi mwa Githae, na sasa alikuwa ametoka. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Lakini alimwona yule mzee akijaribu kusimama, akishindwa, akijaribu tena bila kuita mtu, na akajua ni nani aliyemfanyia hivyo. Si kompyuta za wazungu. Ni yeye, Bedan. Akaenda akampa bega.

Walitembea. Jua lilikuwa bado juu. Vichochoro vya Kiandutu Jumapili jioni huwa na kelele za redio, watoto, watu wanaosukana. Siku hiyo watu walikuwa milangoni, wamesimama. Hakuna aliyeshusha macho. Kutoka nyuma ya mabati fulani mtu akaigiza, kwa sauti ya kukokota, "Ninaogopa, rakini usiniue," na wenzake wakacheka. Kwenye kona iliyofuata watoto walikuwa wameshaishika. Mkono wa Githae ulikaza kwenye bega la Bedan.

Mbele ya nyumba yake walikuwa wamejaa. Wanaume, akina mama, wengine bado na nguo za kanisa. Bedan aliwajua karibu wote. Yule kijana wa mkono uliovunjika, sasa mtu mzima. Mama wa kibanda kilicholazwa. Hawakupiga kelele. Walikuwa wamesimama tu mbele ya mlango, wakingoja, wengine na mikono nyuma.

Bedan hakuwa na silaha yoyote duniani ila moja. Akajaza kifua, akaitoa sauti ya Pati ya Kwanza, ile iliyonyamazisha bandari, nzito, taratibu. "Tokeni mlangoni kwangu. Mimi sipigi mtu. Rakini..."

Ilitoka sawasawa, mpaka nywele zake mwenyewe zikamsimama. Wote wakamgeukia. Halafu wakapiga makofi.

"Diji Beda!" mtu akaita. "Si hiyo! Tupe ile ya kulia!"

"Ile ya leo! Ya kulia!"

Githae aliondoa mkono wake begani. "Usiwape," akasema, kwa sauti ndogo ambayo Bedan hakuwa amewahi kuisikia, na hangeweza kuiigiza. "Nenda, Beda."

Bedan hakwenda. Alibaki hapo hapo, amefunga mdomo, na alipoona hawezi kufanya lolote jingine akaanza kuwaita majina yao, mmoja mmoja, kwa sauti yake mwenyewe ya kawaida, akiwasihi. Hakuna aliyemgeukia. Sauti hiyo hawakuijua.

Jiwe la kwanza lilitoka kwa yule mama wa benchi ya pili.